Pau Kumi na Saba

Kuna ufundi usiosifiwa kwa sababu ukikamilika hauonekani. Msomaji hufungua ripoti, akaziona pau zimepangwa, akaelewa jambo, akaendelea na ukurasa unaofuata. Hajiulizi nani aliamua upau huu uutangulie ule, nani alichagua rangi, nani aliyapanga majina yakasomeka bila kupinda shingo. Ufundi huo ndio ninaoutolea sifa hapa: kazi ya kuipokea grafu ya pau jinsi kompyuta ilivyoitoa, kisha kuirekebisha katika lugha ya R mpaka iwe na adabu kwa anayeisoma na kwa watu waliohesabiwa ndani yake.

Naandika nikiwa Bujumbura, na mfano nautoa hapa hapa. Sensa ya Agosti 2008 ilihesabu watu 8,053,574 nchini Burundi. Nchi ilikuwa na mikoa 17 wakati huo. Jedwali la mikoa hiyo ni dogo mno: safu mbili, mistari 17, unaweza kulinakili nyuma ya bahasha. Lakini nyuma ya kila namba kuna makarani waliopanda mlima mmoja baada ya mwingine, maana katika nchi hii mlima ndio mtaa wa mwananchi wa kijijini, wakabisha hodi na kuuliza waliolala ndani usiku ule ni wangapi. Jedwali lililogharimu jasho kiasi hicho halistahili kuchorwa ovyo.

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni programu huria. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi pale Mutanga huipakua bila kulipa hata faranga moja, akawa na chombo kile kile alicho nacho mtafiti wa London. Ndani yake mna amri kongwe iitwayo barplot, ambayo huchora pau kwa mstari mmoja wa msimbo. Baadaye Hadley Wickham, naye mzaliwa wa New Zealand, alitengeneza kifurushi cha ggplot2, kilichotoka mwaka 2007. Alifuata fikra za Leland Wilkinson, aliyechapisha kitabu The Grammar of Graphics mwaka 1999 na kueleza kwamba mchoro wa takwimu una sarufi yake: kuna data, kuna vipimo, kuna maumbo, kuna mihimili, na kila kimoja kinaweza kubadilishwa peke yake huku vingine vikibaki mahali pake.

Sasa liingize jedwali la mikoa 17 katika ggplot2 na uamuru geom_col, bila kuongeza neno. Utapata pau 17 za kijivu kilichokolea zimesimama wima juu ya mandhari ya kijivu hafifu. Chini, majina yamebanana hadi Bujumbura Mairie, yaani jiji lenyewe, linapandana na Bujumbura Rural, mkoa wa vijiji unaolizunguka. Kushoto, mahali pa kuandika 200,000 na 400,000, pameandikwa 2e+05 na 4e+05. Mpangilio unaanza na Bubanza na kuishia na Ruyigi, kwa sababu tu herufi B hutangulia R.

Kihesabu hakuna kilichokosewa. Kila upau una urefu wake halali. Ila mchoro huo ni kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha watu wote: inavalika, lakini fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi angeanzia kazi pale ilipoishia. Kompyuta imechora, bado hakuna mtu aliyeamua.

Uamuzi wa kwanza ni umbo, na umbo hili lina historia inayofaa kukumbukwa. William Playfair, Mskoti, alichapisha The Commercial and Political Atlas jijini London mwaka 1786. Karibu michoro yote ya kitabu hicho ilikuwa ya mistari inayopanda na kushuka kufuata miaka. Kwa biashara ya Uskoti hakuwa na takwimu za miaka mingi. Alikuwa na mwaka mmoja tu, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781. Basi akachora pau za mlalo, mbili mbili kwa kila nchi, mmoja wa bidhaa zilizoingia na mmoja wa zilizotoka. Nchi na maeneo aliyoyaonyesha yalikuwa 17, sawa na mikoa yetu ya 2008. Yeye mwenyewe aliuona mchoro huo kuwa dhaifu kuliko mingine kwa kuwa haukuonyesha mwendo wa wakati. Lakini huo ndio uliosambaa duniani, ukaingia madarasani, magazetini na katika ripoti za benki. Uhaba wa takwimu ulimlazimisha Playfair kubuni, na sisi tunaoishi katika nchi yenye sensa chache tuna sababu ya kumheshimu mtu aliyetengeneza kitu chema kwa kidogo alichokuwa nacho.

Kwa nini pau, na si duara lililokatwa vipande? Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho la mtu hupima vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja cha pamoja kuliko linavyopima pembe au ukubwa wa eneo. Kata duara vipande 17 kwa ajili ya mikoa yetu, halafu jaribu kusema Kayanza ni kubwa kuliko Bururi au la. Hutaweza. Zipange pau zote zianzie ukuta mmoja, na jicho litajibu kabla ulimi haujauliza.

Uamuzi wa pili ni mpangilio. Amri ya reorder huipanga mikoa kwa idadi ya watu badala ya herufi, nayo coord_flip huzilaza pau ili majina yaandikwe kwa mlalo, kila jina mbele ya upau wake. Ni maneno mawili tu katika msimbo, lakini tazama yaliyojitokeza. Gitega iko juu kabisa ikiwa na watu 725,223. Inafuata Ngozi, kisha Muyinga, Kirundo, Kayanza, Bururi na Bujumbura Rural. Ndipo linatokea jiji la Bujumbura, watu 497,166, nafasi ya nane. Chini kabisa iko Cankuzo, watu 228,873, chini ya thuluthi moja ya Gitega. Mtu aliyezaliwa Rohero au Nyakabiga, aliyezoea kudhani kwamba nchi nzima imejaa hapa ufukweni mwa Tanganyika, anaonyeshwa kwa upole kwamba mikoa saba ya milimani na vijijini ilikuwa na watu wengi kuliko jiji lake. Jambo hilo lilikuwemo tangu mwanzo katika jedwali, na lilikuwemo pia katika mchoro wa kwanza wa kijivu. Lilikuwa limefunikwa na alfabeti.

Lakini kupanga kwa ukubwa si sheria ya kila mahali, na hapo ndipo fundi hutofautiana na mtu anayekariri. Chukua mvua ya mwezi kwa mwezi. Ukiyaacha majina ya miezi ya Kiswahili mikononi mwa R, itayapanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari, na mwaka wote utavurugika. Ukiipanga kwa wingi wa mvua, utaupoteza mwendo wa majira. Miezi ina mpangilio wake, na fundi huutamka waziwazi kwa amri ya factor akitaja ngazi zake moja baada ya nyingine. Tena anaweza kuamua kwamba kwa mkulima wa Burundi mwaka hauanzi Januari. Msimu wa kilimo A huanza Septemba mvua zinaporudi; B hufuata kuanzia Februari; C hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi. Grafu ya mvua inayoanza Septemba humwonyesha mkulima mwaka wake kama anavyouishi.

Katika grafu hiyo hiyo kuna jambo jingine ninalolipenda. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kiangazi, na Julai inaweza kupita bila tone. Iwapo aliyejaza jedwali hakuuandikia mwezi huo mstari kwa kuwa hapakuwa na cha kuandika, R itauruka, na Juni itakaa bega kwa bega na Agosti kana kwamba Julai haikuwahi kuwako. Fundi huongeza drop = FALSE katika kipimo, na nafasi ya Julai inarudi, tupu, na jina lake chini. Vilevile hutenganisha mwezi usio na mvua na mwezi ambao mvua haikupimwa. Sifuri ni kipimo kamili, na kukosekana kwa kipimo ni habari ya namna nyingine. Kuzichanganya mbili hizo katika picha moja ni kumwambia mkulima jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona.

Uamuzi wa tatu ndio mzito kupita wote: upau uanzie wapi. Turudi kwenye mikoa minne ya juu. Gitega ina 725,223, Ngozi 660,717, Muyinga 632,409, Kirundo 628,256. Gitega inaizidi Kirundo kwa asilimia 15 hivi. Sasa kata mhimili uanzie 600,000. Upau wa Gitega utabaki na urefu wa 125,223, wa Kirundo 28,256, na jicho litaapa kwamba Gitega ina watu mara nne ya Kirundo na zaidi. Namba hazikuguswa. Majina hayakuguswa. Uongo umeingia kwa kuukata upau miguu.

Grafu ya mstari inaweza kuanzia popote kwa kuwa inaonyesha mwelekeo. Upau husema kwa urefu wake mzima, kuanzia sifuri. Nafurahi kwamba waliotengeneza zana hizi walilielewa hilo hata katika maungo ya chombo. Ukiiamuru ggplot2 kwamba kipimo kiwe kati ya 600,000 na 750,000, haitakuchorea pau zilizokatwa. Pau zote hutoweka na onyo likatokea kwenye skrini, kwa sababu mguu wa kila upau uko kwenye sifuri nayo sifuri umeitoa nje. Katika barplot ya zamani, pau humwagika chini ya mhimili na kuchafua ukurasa. Njia ya kuzikata ipo, kupitia coord_cartesian, ila anayepita hapo anakwenda kwa makusudi. Chombo chema hakimzuii mtu kukosea, lakini humlazimisha ajue anachofanya.

Kuna marekebisho madogo yanayoandamana na sifuri. Kwa kawaida ggplot2 huacha nafasi ya asilimia tano kati ya mguu wa upau na ukingo wa mchoro, hivyo pau huonekana zinaelea hewani. Amri ya expansion huifuta nafasi hiyo upande wa sifuri na kuibakiza upande wa pili, ili namba iandikwe mbele ya upau bila kugonga ukingo. Pau zikikanyaga ardhi, msomaji huamini zimepimwa kutoka mahali halisi. Nimewaona watu wazima, wasiojua neno moja la takwimu, wakiitazama grafu ya namna hiyo na kuanza kubishana kuhusu mikoa yao. Wakibishana kuhusu mikoa na si kuhusu mchoro, mchoro umefanya kazi yake.

Sasa zile 2e+05. Kwa mhandisi ni njia fupi ya kuandika laki mbili. Kwa diwani, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mwalimu wa Kamenge, ni mlango uliofungwa usoni. Kuirekebisha ni mstari mmoja: unaipa mihimili namna ya kuandika namba na kutaja alama ya kutenganisha maelfu. Na hapo pana heshima ya lugha. Msomaji wa Kifaransa amezoea nafasi kati ya maelfu na mkato kabla ya desimali. Msomaji wa Kiswahili amezoea mkato kati ya maelfu na nukta kabla ya desimali. Mkato huo mmoja ukikaa vibaya, elfu nne na ushei husomeka kuwa nne na ushei. R ina big.mark na decimal.mark kwa ajili hiyo, na fundi huzitumia akijua karatasi inakwenda mezani kwa nani. Burundi ina Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kama lugha rasmi, nacho Kiswahili ndicho cha sokoni, cha Buyenzi, cha mabasi na cha majirani zetu wa mashariki na magharibi. Maandishi yote ya grafu yanaweza kuwekwa katika jedwali dogo lenye safu ya kila lugha, na msimbo ule ule ukatoa grafu nne zenye pau sawasawa na maneno tofauti. Takwimu za nchi zikisomeka kwa lugha moja tu, huwa mali ya wanaoijua lugha hiyo.

Rangi hushawishi kuliko yote, na ndiyo inayoharibu haraka. Mwanzoni kila mtu hutaka kuipa kila mkoa rangi yake, na R humpa upinde wa mvua bila kusita. Jiulize rangi hizo zinasema nini. Jina la mkoa limekwisha kuandikwa mbele ya upau. Rangi 17 zinarudia jambo lililokwisha kusemwa, kwa sauti ya juu. Pau zote zikiwa na rangi moja tulivu na upau mmoja tu ukawa na rangi iliyokolea, tuseme ule wa jiji la Bujumbura, msomaji hujua papo hapo atazame wapi. Rangi imepewa kazi na imeitenda.

Kwa uzalendo, wengi hupenda nyekundu na kijani za bendera yetu. Nazipenda mimi pia, lakini katika grafu zina hatari mbili. Miongoni mwa wanaume wamo wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Wataona pau mbili za rangi moja. Tena ripoti nyingi hapa mjini hufika kwa msomaji wa mwisho zikiwa nakala za mashine, nyeusi na nyeupe, ambapo nyekundu na kijani zenye ukolevu sawa hugeuka kijivu kimoja. Cynthia Brewer, mtaalamu wa ramani wa Marekani, alitengeneza ColorBrewer, mkusanyo wa rangi zilizochaguliwa kwa kuzingatia matatizo kama hayo, nazo zimo ndani ya ggplot2. Fundi mwangalifu huipitisha grafu yake katika nyeusi na nyeupe kabla ya kuiachia. Inayosomeka hapo itasomeka popote.

Kisha kuna wakati. Burundi ilifanya sensa mwaka 1979, 1990, 2008 na 2024. Watu walikuwa karibu milioni 4, wakapita milioni 5, wakapita milioni 8, wakapita milioni 12. Ukiiambia R kwamba miaka hiyo ni majina, itachora pau nne zenye nafasi sawa kati yake, kama ngazi ya nyumba. Ukiiambia kwamba ni namba, itauweka kila upau mahali pake kwenye mstari wa miaka, na nafasi zitakuwa 11, 18 na 16. Nafasi ile pana kati ya 1990 na 2008 haikutokea bure. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vita vikafuata, na kwa miaka 18 nchi haikuhesabu watu wake. Katika mchoro wa kwanza miaka hiyo imezibwa kana kwamba haikupita. Katika wa pili inaonekana kwa macho, tupu, na yeyote aliyeishi wakati ule anajua palijaa nini. Tofauti kati ya michoro hiyo miwili katika msimbo ni neno factor, liwepo au liondolewe. Sijui mahali pengine ambapo neno moja hubeba kiasi hicho.

Hata swali lenyewe linaweza kurekebishwa. Jiji la Bujumbura lilikuwa la nane kwa idadi, lakini eneo lake halikufika kilomita za mraba 100, wakati Cankuzo ilikuwa na karibu 2,000. Ukigawa watu kwa eneo, jiji linapata zaidi ya watu 5,000 kwa kila kilomita ya mraba, Cankuzo zaidi kidogo ya 100, na hakuna mkoa mwingine unaofikisha hata 1,000. Ukizichora pau hizo, wa jiji utavuka ukurasa na mingine yote itabaki visiki. Hapo wengi hukimbilia kipimo cha logi ili kuzisawazisha, ila logi haina sifuri, na upau usio na sifuri hauna pa kusimama.

Aliyewahi kukutana na tatizo hilo na kulitatua kwa uzuri ni W. E. B. Du Bois. Kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono, kwa wino na rangi za maji, michoro kadhaa kuhusu maisha ya Wamarekani weusi miaka 35 baada ya utumwa kukomeshwa nchini mwao. Katika mchoro mmoja kuhusu Georgia, waliokuwa wakiishi mashambani walikuwa wengi mno kuliko waliokuwa mijini, kiasi kwamba upau wao haukuenea kwenye karatasi. Du Bois hakuukata. Aliuzungusha kama konokono, mwekundu, ukajaa sehemu ya chini ya ukurasa, na urefu wake wote ukabaki. Mtazamaji wa Paris alilazimika kuufuata kwa jicho mzunguko baada ya mzunguko, na kwa kuufuata akatambua wingi wa watu wale. Hakuna amri iliyo tayari ya kuchora hivyo katika barplot wala geom_col. Inabidi ujenge mwenyewe, kwa hesabu za pembe na mistari, na R inaruhusu. Ndiyo maana nasema chombo hiki kinastahili mafundi: kina njia ya kawaida kwa mwenye haraka, na kina uwanja mpana kwa mwenye jambo zito la kusema.

Yanabaki maneno. Kichwa kinachosema tu Idadi ya Watu kwa Mkoa kinamwachia msomaji kazi yote. Kichwa kinachosema Mikoa saba ilikuwa na watu wengi kuliko jiji la Bujumbura, 2008, kinamkabidhi jambo, na pau zinakuwa ushahidi wake. Chini, kwa herufi ndogo, huandikwa sensa gani, mwezi gani, mwaka gani. Amri ya labs ina nafasi ya yote hayo, na anayeacha nafasi ya chanzo tupu amemnyima msomaji haki ya kuhakikisha. Methali yasema mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye macho mbele ya jedwali huambiwa, tena kwa ukarimu, atazame wapi na namba zimetoka wapi.

Na kazi hii yote, mpangilio, sifuri, rangi, maneno, haibaki katika picha peke yake. Inabaki katika faili la msimbo: mistari michache ya maandishi matupu, faili dogo linalopita kwenye simu bila kumaliza salio. Anayerekebisha grafu kwa kuburuta na kubonyeza hubaki na picha, na sababu zake huondoka naye akihama ofisi. Anayerekebisha kwa R huacha kila uamuzi umeandikwa, mstari kwa mstari, ili anayekuja baada yake ausome, auhoji, auboreshe. Kijana aliyeko Ngozi anaweza kulifungua faili lililoandikwa Bujumbura na kupata pau zile zile hadi milimita ya mwisho.

Jambo hilo lina uzito wa pekee sasa. Mwaka 2015 mkoa wa Rumonge ulizaliwa kutokana na tarafa za Bururi na Bujumbura Rural, mikoa ikawa 18. Sheria ya mwaka 2023 ikaipunguza kuwa mitano, Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na tarafa zikatoka 119 zikawa 42. Mgawanyo huo ulianza kutumika mwaka 2025. Pau 17 za mwaka 2008 hazitakaa tena kando ya pau za leo mpaka mtu aketi, alirejee jedwali la tarafa na milima, na kuzijumlisha upya kwa mipaka mipya. Akifanya hivyo kwa msimbo ulioandikwa wazi, Burundi itaweza kujilinganisha na jana yake. Asipofanya, sensa za zamani zitabaki makabatini, zikiwa na namba sahihi zisizoongea na mtu.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaosomea takwimu Mutanga, waliomo katika wizara, katika benki, katika mashirika na katika magazeti: msiikubali grafu ya kwanza. Ipangeni, isimamisheni kwenye sifuri, ipeni rangi yenye kazi, iandikeni kwa lugha ya atakayeisoma, na uhifadhini msimbo wake. Watu wetu walifungua milango wakahesabiwa. Wanatudai tuwaonyeshe kwa usahihi, na deni hilo hulipwa upau mmoja mmoja.